Mafuta ya Ituri na mlango mmoja

Litra ya esansi ambayo kadhafi, yaani muuzaji wa mafuta wa rejareja, anaimimina kutoka kwenye bidoni pembeni mwa barabara ya Gety imesafiri zaidi ya kilomita 1,500 tangu bandarini. Ilishushwa Mombasa, ikasukumwa kwa bomba hadi Eldoret au Kisumu, ikapakiwa kwenye malori na kuvuka Malaba au Busia, ikaikata Uganda kutoka mashariki hadi magharibi, kisha ikaingia Kongo kwa njia ya Mahagi, ya Aru, au juu ya maji ya Ziwa Albert hadi Kasenyi na Tchomia. Ikifika Bunia bado imebakiza kama kilomita 60 kwenda kusini, na sehemu kubwa ya mwendo huo hubebwa na pikipiki. Mafuta hayo, pamoja na mazutu yanayofuata njia ileile, ndiyo yanayosaga mihogo na mahindi, yanayoendesha grupu za maduka na vituo vya afya, yanayoziweka hewani antena za simu, na yanayomfikisha mama mjamzito hospitalini. Hakuna kazi kubwa ya uchumi wa teritwari ya Irumu isiyoyategemea. Hata hivyo, tunapojadili usalama wa Ituri tunahesabu bunduki, makundi na wakimbizi, na ni nadra sana kuiuliza njia hii inamtegemea nani. Hoja yangu ni kwamba hatari yetu haitokani na kununua mafuta kwa wageni, maana nchi nyingi hununua kwa wageni na usingizi wao hauvurugiki. Hatari ni kwamba mlango wetu wa kuingizia mafuta ni mmoja, nyuma ya mlango huo hatuna akiba, na jirani aliyeushika ana mambo mengine makubwa anayoyatafuta kwetu.

Tuanze na njia yenyewe, kwa sababu imeshawahi kukatika na tunajua kilichotokea. Baada ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, vurugu zilifunga barabara ya Bonde la Ufa, reli ikang'olewa Kibera, na kwa wiki kadhaa malori ya mafuta hayakuweza kupita Naivasha na Eldoret bila ulinzi. Uganda, Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo zote zilipungukiwa mafuta kwa ugomvi ambao haukuwahusu hata kidogo. Januari 2022 sababu ilikuwa tofauti kabisa: sharti la kuwapima madereva virusi vya korona mpakani Malaba na Busia lilizaa mgomo, misururu ya malori ikafika makumi ya kilomita, na bei ya mafuta katika miji ya Uganda ikaruka. Katika mara zote mbili mshituko ulianza mbali, ukasafiri kuelekea magharibi, na kila ulipopita uliongezeka. Mfanyabiashara wa Kampala anayepungukiwa mafuta huwauzia kwanza wateja wake wa Kampala. Wa Mahagi anapata kinachobaki, wa Bunia anapata kilichobaki Mahagi, na Gety iko mwishoni kabisa mwa foleni. Bei rasmi ya ukanda wa mashariki, ile inayopangwa na wizara Kinshasa, haina nguvu yoyote siku kama hizo. Bei halisi hutamkwa na mwenye bidoni.

Uganda yenyewe ilitufundisha somo la wazi zaidi kuhusu jambo hili. Mwaka 2023 Kenya ilifanya mapatano na kampuni tatu za mafuta za Ghuba, yaani Saudi Aramco, ADNOC na ENOC, ili zilete mafuta kwa mkopo wa miezi kadhaa. Kampala, ambayo zaidi ya sehemu 9 kati ya 10 za mafuta yake hupitia Kenya, ikaona kwamba sasa inanunua kupitia kwa madalali wa Nairobi ambao haikuwachagua. Rais Museveni akalalamika hadharani, shirika la taifa la UNOC likafunga mkataba na kampuni ya Vitol, Kenya ikachelewa kutoa leseni, na mwishoni mwa 2023 Uganda ikaishitaki Kenya katika Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha. Ilichukua mazungumzo ya marais wawili ndipo UNOC ianze kuingiza mafuta, Julai 2024. Nchi yenye serikali imara, yenye jeshi, yenye akili ya kibiashara, na rafiki wa muda mrefu wa Kenya, ilihitaji mashitaka na miezi mingi ili tu isikike mbele ya anayeshika njia yake. Katika mabishano yote hayo Kongo, ambayo mashariki yake hunywa kutoka kwenye bomba hilohilo, haikuwa na kiti mezani wala haikukiomba. Tumekuwa wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, na mahakama ile ni yetu pia.

Mtu anaweza kusema kwamba yote hayo ni matatizo ya biashara tu, na biashara hujirekebisha. Ingekuwa kweli kama jirani yetu angekuwa muuzaji tu. Lakini tazama ni mambo mangapi Uganda inayo kwetu kwa wakati mmoja. Jeshi lake lilikaa Ituri kuanzia 1998 hadi 2003, na mwaka 1999 kamanda wake ndiye aliyeitangaza Kibali-Ituri kuwa mkoa. Tangu Novemba 2021 jeshi hilo limerudi kwa makubaliano na Kinshasa, kupambana na waasi wa ADF katika operesheni Shujaa, na Februari 2025 likaingia Bunia yenyewe. Siku chache kabla ya kuingia huko, mkuu wa majeshi ya Uganda, Muhoozi Kainerugaba, aliandika mtandaoni akiyapa majeshi yote yaliyomo Bunia saa 24 kusalimisha silaha. Kampuni ya Kiganda inajenga barabara za Kasindi kwenda Beni na Butembo. Chini ya Ziwa Albert, kampuni ya Kichina ya CNOOC ilianza kuchimba visima vya Kingfisher mwaka 2023, karibu kabisa na mstari wa mpaka ambao haujawahi kupimwa na kukubaliwa kikamilifu. Mwaka 2007 mstari huohuo ulimwaga damu: mfanyakazi wa kampuni ya Heritage aliuawa ziwani, kisiwa cha Rukwanzi kikagombewa, na mwezi uliofuata marais Kabila na Museveni wakasaini makubaliano ya Ngurdoto kuhusu mpaka na mafuta ya pamoja. Sidai kwamba Uganda imewahi kutufungia mafuta ili kutulazimisha jambo. Ninachosema ni kwamba mjumbe wa Kongo atakapokaa kujadili mgawanyo wa kisima kilichovuka mpaka, au muda wa majeshi ya kigeni kukaa Bunia, atajua moyoni kwamba mtu aliye ng'ambo ya meza anaweza kuuzima mji mzima kwa kuongeza ukaguzi wa malori kwa siku 10. Kitisho hicho hakihitaji kutamkwa ili kifanye kazi.

Nepal inajua jambo hili kuliko nchi yoyote. Ni nchi isiyo na bahari, na kwa miongo mingi ilinunua mafuta yake yote kwa shirika moja, Indian Oil, kupitia mpaka mmoja. Septemba 2015 Nepal ilipitisha katiba mpya ambayo India haikuipenda, na watu wa nyanda za chini wakaandamana mpakani. Malori yakaacha kupita. India ilisema wakati wote kwamba haijaweka kizuizi chochote, na kwamba madereva wanaogopa maandamano. Kwa takriban miezi 5 watu wa Kathmandu walipika kwa kuni na hospitali zikapungukiwa dawa, miezi michache tu baada ya tetemeko kubwa la ardhi. Hakuna aliyetangaza vita, na hakuna hati ya kuonyesha mahakamani. Ninaurejea mfano huu, na siyo ule wa Ulaya na gesi ya Urusi unaotajwa kila siku, kwa sababu Ulaya ilikuwa na fedha za kununua kwingine: Ujerumani ilijenga gati la kupokelea gesi ya meli Wilhelmshaven ndani ya mwaka uleule wa 2022. Bunia haina gati wala fedha hizo. Inafanana zaidi na Kathmandu. Na lililo muhimu zaidi ni kile Nepal ilichofanya baadaye. Ilisukuma mitambo ya umeme wa maji kwa nguvu mpya, ikamaliza mgao wa umeme uliokuwa ukidumu saa nyingi kila siku, na leo magari ya umeme ni sehemu kubwa ya magari madogo yanayoingizwa nchini humo. Bado inanunua mafuta India, na tena kwa bomba. Lakini mpaka ukifungwa kesho, jiko na taa havitazimika kama mwaka ule.

Pingamizi kubwa ninalolisikia Ituri ni jingine: tuna mafuta yetu wenyewe chini ya ziwa, tuyachimbe na utumwa uishe. Ni hamu inayoeleweka, na wanaoisema si wajinga. Uganda imetangaza mapipa bilioni 6.5 ardhini upande wake, ambayo kati yake kama bilioni 1.4 yanaweza kutolewa, na miamba haijui mpaka. Kampuni ya Oil of DR Congo, iliyokuwa na vitalu vya I na II tangu 2010, ilisema mwaka 2014 kwamba upande wetu kunaweza kuwa na mapipa bilioni 3. Miaka 12 ilipita bila pipa hata moja, na Februari 2022 vitalu hivyo vikarudishwa serikalini katika mapatano na Dan Gertler, mwenye kampuni hiyo. Tuseme mambo yangeenda vizuri na kisima kikapatikana karibu na Kasenyi. Mafuta hayo yangepitia wapi? Mafuta ghafi ya bonde la Ziwa Albert ni mazito kama nta, yanaganda yakipoa, na ndiyo maana bomba la EACOP, kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Tanga, limewekewa mfumo wa kulipasha moto njia nzima. Hakuna atakayejenga bomba la pili la namna hiyo kwenda Matadi. Mafuta yetu yangeingia bomba la Hoima, kwa ada ambayo wenye bomba wangeipanga, na wenye bomba ni TotalEnergies, UNOC, TPDC ya Tanzania na CNOOC. Kisha esansi ya kutumia ingerudi kutoka kwenye kiwanda cha kusafishia ambacho Uganda inataka kukijenga Hoima pamoja na wawekezaji wa Falme za Kiarabu. Tungekuwa tumempa jirani ufunguo wa pili juu ya ule alionao.

Asiyeamini na aangalie Muanda. Kongo imechimba mafuta katika pwani yake tangu miaka ya 1970. Kampuni ya Perenco inayatoa hadi leo, na mafuta ghafi yote hupakiwa melini na kuondoka. Kiwanda cha kusafishia cha SOCIR, kilichojengwa papo hapo pwani, kimelala miaka mingi. Kinshasa inanunua esansi kutoka nje, ikipokelewa Ango-Ango. Mchimbaji wa nusu karne bado ni mteja. Kuwa na mafuta ardhini na kuwa na nishati nyumbani ni mambo mawili, na la pili halifuati la kwanza lenyewe.

Wengine wanasema: acheni nadharia za mipaka, shida ya Ituri ni usalama wa barabara. Wana haki nusu. Barabara ya taifa namba 27 kutoka Bunia kwenda Mahagi imeshambuliwa na wanamgambo wa CODECO mara nyingi mno, njia ya Komanda na Mambasa kuelekea Kisangani imelia kwa sababu ya ADF, na kwa muda mrefu magari yalisafiri kwa msafara wa kijeshi. Gety inajua zaidi ya wengine, maana hapo ndipo serikali na kundi lenye silaha la FRPI waliposaini mapatano ya amani tarehe 28 Februari 2020, na watu wameona jinsi utekelezaji wake ulivyokwama. Lakini vita na utegemezi havitengani. Barabara ya kwenda Kisangani ingekuwa hai, mafuta yanayopanda mto Kongo kutoka Kinshasa yangeweza kutufikia na mlango wa pili ungekuwepo, ingawa kwa gharama kubwa. Inapokufa, mlango wa Uganda unabaki peke yake, na mwenye jeshi la kuilinda barabara iliyobaki anakuwa pia mwenye mzigo unaopita juu yake. Kila shambulio linalofunga njia ya ndani linaongeza uzito wa njia ya nje. Mwenye kutaka amani tu bila kugusa nishati anaacha mzizi ardhini.

Sasa niseme ni nini kinawezekana, na ushahidi wangu wa kwanza uko Haut-Uele, mkoa tuliotengana nao juzi tu kwa mstari wa utawala. Mgodi wa dhahabu wa Kibali, unaomilikiwa na Barrick, AngloGold Ashanti na SOKIMO yenye asilimia 10, ungeweza kuendelea kuchoma mazutu yanayopita njia ileile ya Mombasa na Uganda. Wahasibu wake walipiga hesabu, wakaona gharama na hatari ya malori, wakajenga mitambo mitatu ya maji, Nzoro, Ambarau na Azambi, yenye jumla ya megawati zaidi ya 40, na baadaye wakaongeza jua na betri. Hawakufanya hivyo kwa mapenzi ya mazingira pekee. Waliukimbia utegemezi kwa sababu walijua bei yake kwa dola. Swali linaloniumiza ni hili: kama kampuni inayochimba dhahabu kwenye msitu, mbali na kila bandari, ilijua kwamba mito ya nyanda zetu ni salama kuliko lori la mazutu, kwa nini serikali haikufikia jibu hilo kwa ajili ya mji wa Bunia? Jibu moja liko mto Shari. Kituo cha Budana kilijengwa zama za ukoloni kwa ajili ya migodi ya Kilo-Moto. SOKIMO ilikirithi kikiwa kikongwe, na mji uliokua mara nyingi zaidi ya ulivyokuwa umebaki ukigombea mabaki ya umeme wa mgodi. Hakuna asiyejua. Ripoti za kukifufua zimekuja na kupita. Kilichokosekana ni mtu wa kuhesabu, katika bajeti ya taifa, kwamba kila megawati inayotoka Shari ni malori ambayo hayahitaji ruhusa ya kuvuka mpaka.

Hapa kuna pingamizi lenye nguvu, na nisilikwepe. Mtambo wa maji pia unaweza kutekwa. Matebe, wenye megawati 13.8 katika teritwari ya Rutshuru, ulizinduliwa Desemba 2015 ukawa fahari ya Kivu Kaskazini. Eneo lake likaja kushikwa na waasi wa M23, na mapigano ya Januari 2025 yakaiacha Goma gizani. Ni kweli. Lakini angalia kilichokuwa dhaifu: kituo kimoja kikubwa, waya mmoja mrefu, na mji mkubwa mwishoni. Nyanda za Walendu Bindi, ambako Gety ipo, zina umbo jingine. Zinashuka ghafla kuelekea bonde la Semliki na ziwa, na vijito vingi huanguka kwa kasi katika mteremko huo. Mitambo midogo ya kilowati mamia kadhaa, kila mmoja kwa soko lake na hospitali yake, ni vigumu kuizima yote kwa siku moja, na haina faida kwa kundi linalotafuta kodi kubwa. Kuhusu paneli za jua, huambiwa kwamba zinatoka China, kwa hiyo tunabadilisha bwana tu. Paneli ikishafungwa juu ya paa la kituo cha afya itatoa umeme kwa miaka 20 hata kama muuzaji wake atanuna. Bidoni ya esansi inahitaji ridhaa ya watu wote wa njiani kila wiki. Mtu asiziweke bidhaa hizo mbili katika kundi moja.

Mafuta hayataondoka kwa haraka, hata hivyo. Lori halitembei kwa kijito. Kwa hiyo jambo la kwanza na la bei nafuu ni akiba: matangi ya umma Bunia, chini ya SEP Congo au shirika lingine lenye hesabu zinazokaguliwa, yenye mazutu na esansi ya kutosha hospitali, maji na usafiri wa chakula kwa siku 60. Akiba ya namna hiyo inaubadilisha mkao wa mjumbe wetu mezani kuliko hotuba yoyote, kwa sababu vitisho vya siku 10 vinakosa makali. La pili ni kutumia uanachama tuliolipia. Mafuta yanayopita Kenya na Uganda kuelekea Kongo yanastahili kanuni ya pamoja inayokataza kuyasimamisha kwa sababu za kisiasa, na Kampala, iliyojua mwaka 2023 jinsi inavyouma kusubiri leseni ya mwingine, haina hoja njema ya kuikataa. La tatu ni uangalifu na mpango wa waya mkubwa wa umeme kutoka Nkenda kupitia Mpondwe hadi Beni, Butembo na Bunia. Uganda sasa ina umeme wa ziada, Karuma peke yake ikiwa na megawati 600, na itatafuta wanunuzi. Tununue, lakini baada ya Budana kuanza kutengenezwa, na kwa mkataba unaoruhusu umeme kutiririka pande zote mbili. Waya unaoingia kwenye mji usio na kituo chake ni mlango uleule kwa jina jipya.

Fedha za kuanzia zipo, na zina historia inayolingana na kazi hii. Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda kuilipa Kongo dola milioni 325 kwa yaliyotendeka miaka ya vita, milioni 65 kila mwaka kwa miaka 5. Milioni 225 ni kwa ajili ya watu waliouawa, waliojeruhiwa na waliofukuzwa makwao, milioni 40 kwa mali zilizoharibiwa, na hizo ziwafikie waathirika bila kupunguzwa hata senti. Milioni 60 zilizobaki ni kwa ajili ya maliasili zilizochukuliwa, na dhahabu ya Ituri ni sehemu kubwa ya hesabu hiyo. Rasilimali iliyotoka katika ardhi hii inastahili kurudi kama rasilimali ya ardhi hii. Sehemu ya Ituri katika milioni hizo 60 iwekwe kwenye Budana na kwenye mitambo midogo ya Irumu, kwa kifungu kinachotajwa waziwazi katika sheria ya bajeti, na wabunge wa Ituri ndio wenye haki ya kwanza ya kukidai.